Watoto Hawana Raba

Kabla sijamwona, nilimsikia akinisonya.

Sauti ilitoka ndani ya nyumba, kwenye giza la mlango uliokuwa wazi, na mimi nilikuwa nimesimama nje juani, nimekumbatia katoni. Ulikuwa msonyo mfupi na mkavu, uliokatika kabla ya kuisha. Ukafuata mwingine. Kisha mtu mzima akajibu kwa msonyo wake, mzito zaidi, kutoka upande wa pili wa giza lile lile.

Rafiki yangu aliyekuwa ametuendesha kutoka Dodoma asubuhi ile aliniinamia sikioni. Mchana yeye ni ofisa wa wizara kule Mtumba, jioni ni mshairi, na siku hiyo alikuwa amevaa viatu vya ofisini vilivyokwisha kuwa vyeupe kwa vumbi.

"Wanatusonya," alisema. "Na hata hawajatuona vizuri."

"Labda ndiyo wametuona vizuri," nikamjibu.

Mwalimu aliyetuleta pale alicheka. "Hakuna anayewasonya. Wanaongea. Mtoto anamuuliza bibi yake awaletee vigoda viwili au vitatu, na bibi anamwambia mguu huo usikanyage, watakaa hata chini."

Nilisimama nikisikiliza. Nilikuwa najua, kwa namna ya kujua vitu vya vitabuni, kwamba Wasandawe wa Chemba wana vidoko katika lugha yao, kwamba ulimi hupigwa ndani ya kinywa kikatoka kishindo kidogo kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Lakini kujua si kusikia. Kwetu tuliokulia kwenye Kiswahili, sauti ile imepewa kazi moja tu, kumdharau mtu. Ndani ya nyumba ile ilikuwa inahangaikia mahali pa kumkalisha mgeni. Niliona aibu kidogo, halafu aibu ikaondoka, nikabaki na mshangao tu, kama mtu aliyeishi miaka yote katika nyumba na leo ndiyo anaambiwa ina chumba kingine.

Inabidi nieleze tulifikaje pale, na katoni ile ilikuwa na nini.

Tuko kikundi cha watu tunaopenda kuandika. Hukutana sebuleni kwangu, Chimwaga, karibu na chuo, tukasomeana tulichoandika na kugombana juu ya maneno mpaka chai inapoa. Mwalimu yule nilisoma naye sekondari. Alipangiwa shule ya msingi huko Chemba, na siku moja niliposema kwenye simu kwamba kikundi chetu kingependa kuwasaidia watoto wake vifaa vya shule, alinitumia ujumbe. Aliandika kwamba madaftari wanayo kiasi, kalamu wanazo. "Ila watoto hawana raba," aliandika. "Kuna mmoja wa darasa la tatu ameacha kuja shule kwa ajili ya raba."

Niliwasomea wenzangu ujumbe huo.

Sasa, Dodoma nzima ukisema raba, mtu anaangalia miguu yako. Raba ni viatu. Mimi mwenyewe ninazo, na ninaziita hivyo kila siku. Lakini neno ni kama mtu, huonekana kufanana na aliokaa nao. Neno letu lilikuja limeketi kati ya daftari na kalamu, likavaa nguo zao, na sisi tukakumbuka madawati yetu ya utotoni, "niazime raba," kile kifutio cheupe kinachonukia utamu. Hakuna aliyeuliza. Nadhani hatukutaka kuuliza. Mtoto aliyeacha shule kwa kukosa cha kufutia makosa yake ni jambo zuri mno kwa watu wa aina yetu. Mshairi alisema maneno hayo hayo kwa sauti ya chini, akachukua kalamu, na kabla hatujaagana alikuwa na shairi.

Tulichanga, tukanunua vifutio. Vingi. Tulijaza katoni.

Shuleni walituita mbele ya watoto na wazazi wachache waliokuja. Nilifungua katoni ya kwanza mwenyewe, kwa madaha fulani. Mwalimu akachungulia. Akachukua kifutio kimoja, akakigeuza, akaangalia uso wangu, halafu akaangalia chini, kwenye viatu vya mshairi. Mimi nikafuata macho yake, na nilipofika chini niliona miguu. Miguu ya darasa zima, mitupu, na michache yenye viatu vya tairi, imepangwa mstarini kwenye vumbi jekundu.

"Raba," mwalimu alisema taratibu. "Raba, rafiki yangu. Za miguuni."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuja akachukua kifutio, akakiweka chini, akakikanyaga kwa kisigino kimoja. "Mwalimu, hizi za kwangu zinabana," alisema, na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Watoto walikuwa wanaweka vifutio chini ya vidole vya miguu na kutembea kwa maringo. Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mimi nilileta na shairi," mshairi alisema, akijaribu kucheka pia.

"Shairi lina saizi gani?" mwalimu akamuuliza.

Alipomaliza kucheka alijifuta macho kwa upande wa kitenge. "Twendeni," alisema. "Mkamwone mwenyewe aliyeacha shule."

Ndivyo nilivyofika kwenye mlango ule, na katoni moja mikononi kwa sababu sikujua pa kuiweka.

Mtoto alitoka akiruka kwa mguu mmoja, na kigoda amekishika kifuani kama ngao. Alikuwa msichana mwembamba, ana macho ya kupima. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa na umevimba mpaka kifundoni. Bibi yake alikuja nyuma yake.

"Shikamoo bibi," tulisema.

"Marahaba wanangu. Kaeni." Kiswahili chake kilikuwa kifupi, hakikuwa na neno la kupambia.

Mwalimu alimweleza yaliyotokea, nusu Kiswahili nusu Kisandawe, maana naye alikwisha jifunza kidogo. Bibi hakucheka. Alichukua kifutio, akakiminya kwa kidole gumba, akamrudishia.

"Laini," alisema.

Kisha akatueleza mambo yalivyo. Njia ya kwenda shule inapita kwenye mazizi, na mazizi yamezungushiwa uzio wa matawi ya migunga. Upepo huyasukuma matawi mpaka njiani. Mtoto alikuwa amevaa viatu vya tairi, viatu vizuri, mwiba haupiti chini yake. Lakini mwiba haukuja kutoka chini. Ulikuja kutoka ubavuni, ukaingia mahali ambapo kiatu cha tairi hakina kitu ila hewa. Zahanati waliutoa, wakamchoma sindano, na mguu ungepona. Hilo halikuwa tatizo.

"Nilikuwa na dada," bibi alisema. "Tulikuwa tunalingana. Mwiba ulimpata hapa." Aligusa ubavu wa mguu wake mwenyewe. "Siku zikapita, akabana meno. Hakuyafungua tena."

Alimvuta msichana karibu naye.

"Shule ni nzuri," aliendelea. "Mguu nao ni mzuri. Akipata raba, ya kufunika mguu wote, anarudi. Asipopata, harudi. Mjomba wake anakuja tukimaliza kuvuna mtama. Ana mbuzi wengi na hana mtoto wa kuchunga. Mtoto wa kukaa tu nyumbani, mimi sina cha kumjibu mjomba. Atamchukua."

Nilimtazama msichana. Alikuwa anaangalia katoni.

"Tutaleta raba," nilisema. "Niambie anavaa saizi gani."

Lilikuwa swali la kijinga, kwa sababu saizi ni namba ya mtu aliyewahi kununuliwa viatu dukani. Bibi hakunishangaa. Alirarua kifuniko cha katoni yangu, akakilaza chini. Akaenda jikoni, akarudi na majivu kwenye kisahani, akayamwaga, akayasawazisha kwa kiganja. Msichana alikanyaga majivu kwa mguu wa kushoto, akaunyanyua, akaukanyagisha kwenye katoni. Alipouondoa, mguu ulibaki. Vidole vyote, unyayo, upinde wa katikati, mweupe juu ya kahawia.

"Na wa kulia?" nikauliza.

"Huo usiupime," bibi alisema. "Huo leo unasema uongo."

Msichana alikuwa ameinama juu ya alama ile. Aliuangalia mguu wake, akaangalia mguu uliobaki kwenye katoni, akarudi kwenye wake. Nimeandika vitabu viwili na bado sijapata namna ya kueleza uso ule. Alikuwa anaona kwamba kitu kinaweza kuondoka na bado kikawepo.

Kabla hatujaondoka nilimwachia vifutio, kiganja kizima kwa kiganja kizima, kwa sababu sikuwa na kingine na sikutaka kumwacha mikono mitupu. Alikinusa kimoja. Kisha akasema neno lenye kidoko, kidogo, kwa ajili yake mwenyewe.

Tuliporudi shuleni, mwalimu alipasua katoni zote. Darasa la tatu lote lilipanga mstari, na kila mtoto alisimama juu ya kipande chake akachorwa kwa penseli, huku akicheka kwa sababu penseli inatekenya. Jina la kila mmoja likaandikwa kisiginoni. Ndivyo tulivyorudi Dodoma, gari dogo limejaa miguu.

Jioni ya kikundi niliipanga ile miguu sakafuni, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Sikupanga kufanya jambo lolote kubwa, nilitaka tu kuiona yote kwa pamoja ili tujue tununue nini. Wenzangu walikuja wakasimama mlangoni. Hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Mmoja alivua viatu, na mwingine akavua, wakasogea pembeni ukutani kama watu wanaoingia nyumba ya ibada. Kulikuwa na miguu mipana kama majani ya mboga. Kulikuwa na mmoja ambao kidole kidogo kimejitenga na wenzake, kana kwamba kilikuwa na safari yake. Na ule wa majivu, peke yake, wa kushoto.

Kwa kawaida sisi watu hatunyamazi. Jioni ile tulisimama pale na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kitu kizuri. Mshairi alichuchumaa karibu na mguu wa majivu. Akaweka kiganja chake juu yake bila kuugusa, kama anayepima joto. Hatukumwomba asome shairi lake, na yeye hakulitaja.

Muuza viatu sokoni alikuwa na jambo lake la kusema. "Mteja anakuja na mguu wa katoni," aliwaita majirani zake. "Njooni muone, leo tunavalisha maboksi." Lakini alipomaliza utani alipiga magoti, akaweka raba juu ya kila katoni, moja baada ya moja, na pale ambapo alama ilikuwa inagusa kingo alibadilisha bila kuambiwa. "Mtoto anakua wakati unarudi na chenji," alisema. Raba zote zilikuwa nyeusi, za turubai, zenye soli nene. Kwa ule mguu wa majivu alichukua pea moja, akaigeuza ile ya kulia juu ya alama ya kushoto, akafunga jicho moja. "Mungu aliumba jozi," alisema. "Tumwamini."

Tulikuwa na haraka. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba mtama umekwisha kukatwa.

Tulifika mchana wa siku ya pili yake. Tuliziacha raba za darasa shuleni, kwenye kelele ambazo sitajaribu kuzieleza, tukaenda moja kwa moja kwa bibi na lile boksi moja. Nilitega sikio tangu mbali. Sikusikia kidoko. Mbele ya nyumba kulikuwa na baiskeli imeegemezwa, na kando ya mlango kulikuwa na fimbo ya kuchungia, mpya, imemenywa gome, bado ina unyevu. Urefu wake ulikuwa wa mtu mfupi. Ilikuwa imekatwa kwa kimo cha mtoto.

Nilisimama nikiitazama ile fimbo.

"Karibuni," mwanamume alisema kutoka kivulini. Alikuwa amekaa juu ya gogo, mtu wa makamo mwenye ndevu chache na kisu kiunoni.

"Shikamoo mjomba," nilisema.

"Marahaba. Ninyi ndio mliotuletea vifutio?" Aliuliza kwa upole kabisa. "Nimesikia habari zenu mpaka kwangu. Huko tunasema, watu wa mjini wana huruma, wamemletea mbuzi miwani."

Mshairi alicheka kuliko wote.

Bibi alitoka, na msichana nyuma yake, kwa miguu yote miwili. Kitambaa kilikuwa kimefunguliwa, uvimbe umekwenda. Nilimpa bibi boksi. Alizitoa raba, akaingiza mkono ndani ya ile ya kulia, akaukunjua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaenda kwenye uzio, akachagua mwiba wa mgunga, mweupe, mrefu kama kidole. Akarudi nao kivulini.

Kwanza aliusukuma kwenye soli. Mwiba ukakataa. Akasukuma tena, kwa uzito wote wa kidole gumba, ncha ikavunjika. "Vizuri," alisema. Akachukua mwiba mwingine. Huu aliuweka ubavuni, mahali alipopagusa kwenye mguu wake siku ile, akasukuma.

Mwiba ukapita kwenye turubai kama unaopita kwenye mkate.

Sote tuliiona ncha ikitokea ndani. Bibi hakukasirika. Aliuchomoa, akakaa chini na raba mapajani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa ameitaka sana. Mjomba aliiangalia fimbo pale mlangoni, akaangalia upande mwingine. Hata yeye hakuonekana kufurahi.

"Ni kiatu kizuri," bibi alisema mwishoni. "Lakini ni kitambaa."

Mshairi alianza kusema kwamba tungeweza kurudi mjini, tukatafuta vya ngozi, na mjomba akamjibu kwamba yeye anaondoka kesho asubuhi, mbuzi wake amemwachia jirani, na jirani si mtu wa kuachiwa mbuzi. Wakati huo msichana alikuwa ameingia ndani. Nilimsikia akiburuta kitu. Alitoka na kipande cha katoni, na juu ya katoni vimepangwa vifutio vyangu.

Sikuvitambua mara moja. Kila kimoja kilikuwa kimechongwa kwa wembe na kwa mwiba. Katoni yenyewe ilikuwa imejaa chapa za masizi ya sufuria: mbuzi, mbuzi, mbuzi, kundi zima la mbuzi waliotoka kwenye kifutio kimoja. Jogoo. Tawi la mgunga na miiba yake. Mguu mdogo kuliko ukucha wangu, wenye vidole vitano. Tangu siku ya majivu alikuwa hajaacha kazi.

Nilichuchumaa. Hakuna aliyemfundisha. Kulikuwa na alama ya kitu kilichoondoka, na mtoto wa darasa la tatu akiwa amefungwa mguu nyumbani akagundua mwenyewe jinsi ya kuondoka na kubaki, mara nyingi kadiri atakavyo. Watu wa kazi yangu tunaishi kwa ugunduzi huo, na hatujui nani wa kumshukuru.

"Na hii ni nini?" nilimuuliza. Kimoja kilikuwa na alama nisiyoijua, kistari kilichosimama, kimekatwa na kingine kifupi kilicholala, na kitone pembeni.

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akapiga kidoko.

"Hii ndiyo hiyo?"

"Ndiyo. Jina la bibi linaanza na hiyo." Alisita. "Shuleni herufi yake hakuna. Kwenye daftari huwa naliandika kuanzia katikati."

Mshairi alikaa chini, vumbini, na suruali yake ya wizarani.

Msichana hakuwa na muda na sisi. Alimgeukia mjomba, akamwambia jambo refu kwa Kisandawe, akionyesha raba, kisha vifutio, kisha kisu kiunoni. Mjomba alimsikiliza kichwa kikiwa upande. Akauliza kitu. Akajibiwa. Akavuta raba kutoka mapajani mwa bibi, akaingiza mkono ndani, akapapasa ubavu.

"Anasema vishonewe humu," alitwambia. "Ndani ya kitambaa. Raba ndani ya raba."

"Vyote?" niliuliza, na nilikuwa naangalia mbuzi.

"Vyote," msichana alisema.

Mjomba alikuwa na shazia na uzi mnene wa kushonea magunia, akiba ya safari. Alichukua jogoo, akaanza kumpunguza mgongoni kwa kisu ili awe mwembamba. Msichana alikuwa akimsimamia kila hatua. Sehemu iliyochongwa asiiguse. Iangalie ndani, kwenye mguu. Mjomba alimuuliza kwa Kiswahili, labda kwa ajili yetu, kwa nini ndani ambako hakuna mtu atakayeona.

"Mguu utaviona," alisema.

Alikuwa anampa kimoja kimoja. Mbuzi, tawi, mguu mdogo. Ile herufi aliibakiza mkononi mpaka vingine vikaisha, na nilidhani atabaki nayo. Kisha akatafuta tundu dogo ambalo mwiba wa bibi ulikuwa umeliacha kwenye turubai, akaiweka juu yake kwa ndani, akaibana kwa kidole ili mjomba ashone. Bibi alikuwa anatazama. Hakuwahi kwenda shule, na sijui kama aliambiwa alama ile ni ya nini. Lakini alisogeza kigoda chake karibu.

Jua lilikuwa limeinama uzi ulipokatwa. Bibi alikwenda uzioni tena. Safari hii alichukua muda kuchagua, akaacha mwiba mmoja na mwingine, akarudi na ule mrefu kuliko yote. Akauweka ubavuni, palepale. Akasukuma. Turubai ikakubali, kisha kitu kikakataa. Alisukuma mpaka mishipa ya mkono ikatokeza. Mwiba ukapinda, ukavunjika katikati, na kipande kikaruka kikaangukia kwenye kiatu cha mshairi.

Bibi aliingiza vidole ndani, akapapasa polepole, akavitoa. Havikuwa na kitu.

"Basi," alisema.

Mjomba alifuta kisu kwenye suruali. "Mimi nilikuja kuchukua mtoto aliyekaa tu," alisema. "Huyu sikumkuta amekaa." Akaichukua ile fimbo fupi, akaipima kwa jicho, akaivunja kwenye goti na kuitupa kwenye kuni.

Tulilala kwa mwalimu. Kulipoanza kupambazuka mshairi na mimi tulikwenda kwa bibi kuaga, na tukakuta wote wako ndani, mlango wazi, baridi ya asubuhi imejaa nyumba. Msichana alikuwa amekaa kwenye kigoda anafunga kamba, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Sare yake ilikuwa imefuliwa. Bibi alituonyesha pa kukaa, upande wa ndani, mbali na mlango, na mimi nikasema tungependa kumsindikiza mtoto mpaka shuleni.

"Hapana," bibi alisema. "Anayekwenda kwenye jambo jema, hapa kwangu hatazamwi mgongo. Ukimtazama, mgongo unakuwa mzito. Kaeni."

Tukakaa.

Msichana alisimama. Alikanyaga mara moja, mara mbili, akisikiliza. Nilifikiri juu ya mbuzi, jogoo na ile herufi, vyote gizani, vimelala kwenye ngozi yake. Alipita mbele yetu, akatuamkia, akavuka kizingiti. Nje, mwanga ulikuwa bado wa kijivu. Alipiga hatua chache akageuka, akamwambia bibi yake neno moja, na katikati ya neno kulikuwa na kidoko, safi, kama kijiti kinachovunjika asubuhi isiyo na upepo.

"Kasemaje?" mshairi alimnong'oneza mjomba.

"Kasema zinabana kidogo."

Bibi naye akajibu.

"Na bibi?"

"Kamwambia atembee."

Tulizisikia raba zikianza, taratibu, kisha si taratibu. Bibi aliweka kiganja kwenye ubao, akaufunga mlango.